Kidole Kilichoshika Wimbo

Siku ambayo kidole cha mumewe kilikuwa kipasuliwe, mke wa Kipande aliamka mapema akafanya yale anayoyafanya kila anapokuwa na wasiwasi. Alikagua jiko kama limezimwa, ingawa lilikuwa halijawashwa. Akavuta kitasa cha mlango wa nyuma, akakivuta tena. Kisha akachungulia chumbani kuona kama mume bado yupo.

Alikuwepo. Tena alikuwa ameshaoga, amevaa shati la kutokea, viatu vinang'aa, amekaa ukingoni mwa kitanda. Mke akaanza kupumua vizuri. Halafu akaona gitaa mapajani.

"Hilo la nini?"

"Lipi?"

"Hilo ulilolipakata kama mjukuu."

Kipande akalitazama gitaa kama vile lilimpanda mapajani lenyewe. "Ah, hili. Nitapita nalo mahali kidogo, halafu twende hospitali."

Mke akakaa juu ya kapu la nguo chafu. Aliijua hiyo "mahali kidogo" ya mume wake. Mara ya kwanza walipopangiwa upasuaji, Kipande alipita mahali kidogo, akarudi jioni na mfuko wa misumari. Mara ya pili alifika mpaka getini mwa hospitali, akasema anarudi mara moja kuchukua miwani aliyoisahau. Mtu huyo havai miwani.

Kidole chenyewe kilikuwa cha pete, mkono wa kushoto. Kilianza na kijivimbe kwenye kiganja, kigumu kama punje ya mahindi, kisha kikawa kinainama kidogo kidogo, mpaka sasa kilikuwa kimejikunja kinatazama kiganja na hakitaki kuinuka. Kile kidogo cha pembeni nacho kilikuwa kimeanza kuinamisha kichwa. Kipande alitengeneza pasi na redio barazani kwake, na siku hizi bisibisi ilikuwa inamponyoka kila wakati. Akinawa uso anajitia kidole jichoni. Daktari alikuwa ameshasema bila kuzunguka: "Mzee, mkikosa tena mtarudi mwisho wa foleni, na foleni ya hapa mnaijua. Mpaka mje kufikiwa, mkono huu utakuwa ngumi ya kudumu. Hata mimi nitakuwa nakutazama tu."

Nafasi hii ya tatu mke ndiye aliyeitafuta. Alikuwa mkunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hiyohiyo, na alimfuata muuguzi wa upasuaji siku nzima akiwa amelishikilia koti lake, mpaka muuguzi akachoka. "Saa nane, dada. Nikiita asipokuwepo, naita mwingine. Na usije ukanililia."

"Basi tutaenda wote huko mahali kidogo," mke akasema sasa, akachukua kikapu chenye kadi ya hospitali, sabuni, chupa ya chai na shati la kubadilisha.

"Si lazima, mke wangu."

"Najua si lazima. Tangulia nikuone."

Kipande si jina alilopewa na wazazi. Ni jina la kazi. Ujanani alikuwa mpiga gitaa wa kukodiwa. Hakuwa na bendi yake. Bendi za watu ndizo zilizokuwa zikimwita studio pale mpiga gitaa wao anapougua au anapogombana na wenzake. Anaingia, anavaa hedifoni, anapiga kipande anachoelekezwa, anaaga, anaondoka. "Leo nina kipande," ndivyo alivyokuwa akisema mlangoni asubuhi, na majirani wakalichukua hilo wakamwita hivyo. Alipiga kipande kwenye nyimbo za dini, kwenye nyimbo za mapenzi, na kwenye tangazo la magodoro. Tangazo ndilo lililomletea sifa. Redio ilikuwa inasema "Lala...", gitaa linalia twiii, halafu redio inamalizia "...fofofo!" Ile twiii ni yeye. Binti yao alipokuwa mdogo alikuwa akiwakusanya wenzake mbele ya redio. "Nyamazeni, baba anakuja. Anakuja... Huyo! Ameshapita."

Na alikuwa na sheria moja, kwamba mtu wa kukodiwa haachi kipande nusu. Aliwahi kumaliza kipande huku paa la studio linamvujia kichwani. Aliwahi kupigia bendi iliyovunjika wakati yeye bado anapiga. Waligombana, wakagawana vyombo, wakachukua hata kiti alichokuwa amekalia, naye akamalizia amesimama.

Mara moja tu ndiyo hakumaliza, na kutomaliza huko ndiko kulikokuwa kunamsumbua mke asubuhi hii.

Ilikuwa bendi ya roki, roki ile ya nyimbo ndefu, ambayo mapigo yake yanabadilika kila unapotaka kuyazoea. Wenyewe waliuita muziki huo roki ya maendeleo. Kiongozi mmoja wa mtaa alipoliona jina hilo kwenye bango, akawaalika kuzindua bomba la maji. Wakapiga wimbo mmoja. Ndoo zikapangwa, zikajaa, zikamwagika, watu wakaenda nyumbani wakapika wakala, na wimbo bado ulikuwa kwenye utangulizi.

Wimbo waliomkodia Kipande ulikuwa mrefu kuliko ule. Mwimbaji alikuwa na maneno mwanzoni tu. Akayaimba, akatoka kwenda kununua maji ya kunywa, na hajaonekana mpaka leo. Wanne waliobaki wakaendelea. Walikuwa wamekaribia mwisho, Kipande amezikamata nyuzi pale ambapo mlio ulitakiwa kupanda, ndipo umeme ukakatika. Wakangoja. Haukurudi siku ile, haukurudi kesho yake, na wiki iliyofuata mwenye studio akaigeuza ghala la magodoro. Mtu mwingine angesema basi, siku nyingine tutaanza upya. Lakini kwa watu wa muziki huo kuanza upya si kumalizia. Kuanza upya ni wimbo mwingine. Wakaagana gizani. Mpiga ngoma akasema, "Kila mtu ashike mahali pake. Tukikutana, tunaendelea hapohapo."

Wakati huo binti yao alikuwa tumboni. Sasa hivi na yeye ana watoto.

"Na mimi nimeshika," Kipande alimwambia mkewe njiani, wakipita kwenye maduka ya vyuma. Akanyanyua mkono wa kushoto. "Unakiona? Hivi ndivyo kilivyokuwa siku ile, juu ya uzi wa tatu. Hakijasogea. Wakikinyoosha, wimbo umepotea."

"Baba, huo ni ugonjwa. Daktari ametuonyesha mpaka picha."

"Kwani daktari alikuwepo studio?"

Mke akahamishia kikapu mkono wa pili. Alikuwa ameishi na mtu huyu muda wa kutosha kujua milango yake ipi inasukumwa na ipi inavutwa. "Haya niambie. Mkiumaliza huo wimbo, utaingia kupasuliwa?"

"Naingia mwenyewe. Hata ganzi sitaki."

"Ganzi utachomwa," mke akasema. "Tunaanza kwa nani?"

Walianza kwa mpiga ngoma. Huyo walimwita Saba, kwa sababu pale ambapo wapiga ngoma wengine wanahesabu mpaka nne, yeye alihesabu mpaka saba. Siku hizi alikuwa mlinzi wa geti kwenye ghala la saruji. Walimkuta amesimama mbele ya malori, mkono kwenye komeo, mguu wa kulia unapigapiga chini.

"Mzee, fungua!" dereva wa lori la mbele akapiga kelele.

"Subiri ianze!"

"Ianze nini?"

"Tano, sita, saba, *moja*!" Komeo likavutwa, geti likafunguka. Lori moja likapita, geti likafungwa, mguu ukaendelea. Mke wa Kipande, ambaye macho yake hayapiti kitu bila kukiona, aliona kwamba kiatu cha kulia cha Saba kilikuwa kimeisha soli mpaka kwenye soksi, na cha kushoto kilikuwa kama kimetoka dukani leo.

"Shemeji!" Saba akasema kwa furaha. "Umenawiri."

"Mguu wako una nini, shemeji?"

"Uko kazini. Siku ile hawa wenzangu walinyamaza. Mimi sikunyamaza. Niliendelea na mguu ili tusipotee. Kwa hiyo wimbo haukusimama hata kidogo. Saa hizi uko mbali sana."

"Hata ukilala?"

"Muulize mke wangu. Siku hizi anakaa kwa dada yake."

Kipande alimwonyesha kidole. Saba akakitazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya marehemu. Hakuuliza zaidi. Akamkabidhi dereva aliyefuata ufunguo wa geti, akamwambia, "Jifungulie mwenyewe. Ila kwenye moja!" Wakaondoka watatu, Saba akitembea hatua sita za kawaida na ya saba ndefu, na mke wa Kipande akihema nyuma yao huku jicho liko kwenye saa za madukani.

Mpiga kinanda walimkuta sebuleni kwake. Huyo aliitwa Kanisa, maana hata akikupigia wimbo wa kuchezea ungeona aibu ukasimama wima. Kinanda kilikuwa mezani, kimefunikwa shuka. Kanisa aliposikia wamekuja kwa habari gani, alilifunua shuka taratibu. Juu ya funguo za kinanda kulikuwa na mawe madogo matano, kila moja limekalia ufunguo wake.

"Hizi ndizo sauti nilizokuwa nimezibonyeza," alisema. "Sijaziachia."

"Na umeme?"

"Nilichomoa waya. Siku nitakayochomeka, italia palepale ilipokatikia."

Mke wa Kanisa, aliyekuwa mlangoni na ufagio, alimvuta mke wa Kipande pembeni. "Dada yangu, mimi meza hiyo naifuta vumbi kwa kuzungukazunguka kama nalisha nyuki. Wajukuu hawaruhusiwi kukimbia. Paka tulimpeleka kwa jirani."

"Wangu ana kidole."

"Kidole si afadhali? Kinatembea naye."

Sebuleni mambo yalikuwa yameshaharibika. Saba alikuwa anasema wimbo umeshafika mbali na lazima wauwahi uliko. Kanisa alikuwa anasema wimbo umesimama kama ukuta na mawe ndiyo ushahidi. "Mguu wako unahesabu hewa!" "Na mawe yako yanasubiri mchanga!" Kipande alikuwa katikati na kidole chake juu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda nje.

"Jamani," mke wa Kipande akasema. "Pigeni kwanza, mtagombana baadaye. Chomeka hicho kitu."

"Hapa?" Kanisa akamgeukia kana kwamba ametukanwa. "Shemeji, hapa umeme unakatika kila unapojisikia. Nimekaa miaka yote hii nikilinda sauti hizi, halafu zikatike tena katikati? Sipigi mahali ambapo umeme unakatika. Nimeapa."

"Sasa ni wapi ambapo haukatiki?"

Kanisa akaanza kulirudisha shuka juu ya mawe. Saba akanyamaza, isipokuwa mguu. Hata Kipande akainamisha kichwa, na mke akaona anavyoanza kupata sura ile ya kwenda kununua misumari. Mbio za tangu asubuhi zilikuwa zinaelekea kuwa bure. Ndipo akili yake, ambayo siku zote ilikuwa inahangaika na kitasa na jiko, ikakamata jambo moja.

"Hospitali," akasema.

Wote wakamtazama.

"Kule kuna jenereta. Watu wanapasuliwa, umeme haukatiki hata sekunde. Kwenye chumba chetu cha kufulia kuna soketi ukuta mzima. Nitawafungulia mimi."

Kanisa akamtazama mkewe. Mkewe akasema, "Nenda baba. Tafadhali. Nenda nacho," na alishafungua milango yote miwili.

Kinanda kilibebwa kama mgonjwa wa mgongo, Kanisa mbele na Saba nyuma, mawe yamefungwa kwa utepe yasianguke. Kila hatua ya saba kilipanda juu upande wa nyuma, na Kanisa alikuwa analia, "Pole pole na mguu wako!" Kispika kimoja kidogo kilikuwa kwapani mwa Kipande. Watu barabarani waliwapisha na wengine walivua kofia.

Alibaki mpiga besi. Yeye alikuwa kinyozi, kibanda chake kikiwa kwenye barabara ya hospitali. Zamani alikuwa mwongeaji kuliko wote; studio walikuwa wakimfunga mdomo kwa kitambaa ili warekodi. Lakini tangu siku ile ya umeme hakusema neno, na mtaa mpya alikohamia walimwita Bubu, wakamsifu kwamba ndiye kinyozi pekee duniani ambaye hakuulizi habari za siasa.

Bubu alikuwa na mteja kwenye kiti, mtu mnene mwenye shuka shingoni, upande wa kulia wa kichwa umeshanyolewa ukawa unameta na upande wa kushoto bado ni msitu. Kipande alisimama mlangoni tu, akanyanyua kidole. Bubu akazima mashine. Akavua aproni, akaitundika, akatoa gitaa la besi nyuma ya kioo, akatoka.

"Kinyozi!" mteja akasema. "Kinyozi, bado huku!"

Bubu alikuwa ameshafika barabarani.

"Samahani kaka," mke wa Kipande akamwambia yule mteja, "ni dharura."

"Dharura gani? Mimi jioni nina kikao na wakwe! Nitaingiaje hivi, nikae upande upande?" Na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akawafuata na shuka lake shingoni.

Kwa hiyo waliopita getini mwa hospitali walikuwa mtu mwenye kidole, mtu mwenye mguu, mtu mwenye mawe, mtu asiyesema, mtu mwenye nusu kichwa, na mama mwenye kikapu anayesema "hawa ni wangu, hawa ni wangu" kwa mlinzi. Mlinzi alimjua. Alimwonea huruma akafungua.

Saa ya ukutani kwenye korido ilikuwa inakaribia saa nane. Chumba cha kufulia kilitazamana na mlango wa upasuaji. Kati yao kulikuwa na benchi la wanaosubiri na si zaidi. Mke alifikiria jambo hilo akafurahi, akaogopa, akafurahi tena. Ndani, mashine kubwa ya kufulia ilikuwa inazungusha mashuka, na mwenzake wa kazi alikuwa anapiga pasi.

"Hawa ndio mafundi wa mashine?" mwenzake akauliza.

"Usiniulize kitu, mwenzangu. Nipishe kwenye soketi."

Gitaa na besi viliingizwa kwenye kile kispika kimoja. Saba akapindua ndoo na makapu ya nguo akayapanga mbele yake, akachukua vijiti viwili vya kutolea nguo kwenye maji ya moto. Kisha wakaanza upya ule ugomvi. Saba akasema wimbo uko mbali. Kanisa akasema uko kwenye mawe. Kipande akasema kwa sauti ya chini kwamba kama hawakubaliani labda warudi siku nyingine.

Siku nyingine! Mke akasikia masikio yanamwaka. Akachomoa waya wa pasi ukutani, akachomeka wa kinanda.

Sauti iliyotoka pale ilikuwa imesubiri tangu binti yake hajazaliwa. Ilijaa chumba, ikaingia kwenye mashuka, ikatikisa vikombe vya chai. Kanisa akashtuka akaanza kung'oa mawe moja moja, vidole vikishika mahali pake. Na Kipande hakufikiri hata kidogo. Mkono wake wa kushoto ulipanda kwenye gitaa, kile kidole kibishi kikakaa juu ya uzi wa tatu kama mtu anayekaa kwenye kiti chake cha nyumbani, na mlio uliotakiwa kupanda ukapanda.

Saba akaangalia mguu wake mwenyewe. "Yesu na Maria," akasema, "umezunguka, umezunguka, umerudi palepale! Hapohapo! Mguu huu!" Akaangusha vijiti kwenye ndoo.

Wakapiga. Mke wa Kipande hakuwahi kuuelewa muziki ule, na hakuuelewa leo. Kila alipofikiri ameshika njia, njia ilikuwa imehama. Lakini aliona mambo mengine. Aliona mumewe amefumba macho na mabega yameshuka, kitu ambacho hakikuonekana kwa muda mrefu. Aliona mwenzake wa kazi anakunja mashuka kwa haraka na kila shuka la saba linatoka refu. Aliona wagonjwa wa benchi wamegeuka wote kuelekea mlango, na mzee mmoja wa magongo anagonga gongo sakafuni. Yule mteja alikuwa amekaa juu ya furushi la nguo, ameinamisha ule upande ulionyolewa ili asikie vizuri.

Tatizo ni kwamba wimbo haukuwa na mwisho. Hilo hakuna aliyelikumbuka. Siku ile walikuwa wamekaribia mwisho bila kukubaliana mwisho wenyewe uweje, wakitegemea wataujua wakiufikia. Sasa walikuwa wameufikia na hawakuujua. Saba akawatazama wenzake, nyusi juu. Kanisa akatikisa kichwa. Wakazunguka tena. Wakazunguka tena.

Kutoka ng'ambo, sauti ya muuguzi ikaita, "Wa kidole!"

Mke akasimama wima. Kipande hakufungua macho. "Baba," mke akasema. "Baba, tunaitwa." Hakusikia. Wakazunguka tena.

"Wa kidole yuko wapi?"

Akamshika bega akalitikisa. Alikuwa kama anatikisa mlango uliofungwa kwa ndani. Aliwaza kuchomoa waya. Mkono ukafika mpaka kwenye soketi, ukarudi, kwa sababu alijua akiukata, mtu huyu atatoka hapa na kidole chake na hakitafunguka tena mpaka kaburini. Asipoukata, nafasi inakwenda. Alitazama mkono ule wa kushoto, ngumi inayokuja, akauona unavyoshindwa kushika kikombe, unavyoshindwa kufunga kifungo, na yeye akimfunga vifungo kila asubuhi huku anamwambia atulie.

"Wa kidole naita mara ya mwisho! Anayefuata..."

Mke wa Kipande hakupanga kufanya lolote. Mdomo ulifunguka wenyewe, ikatoka sauti ambayo alikuwa anaitumia zamani kuwaita watoto kutoka mtaa wa pili:

"*Yupoooooo!*"

Na wote wanne wakanyamaza kwa pamoja.

Mashine ya kufulia nayo ikasimama, maana mashuka yalikuwa yameiva. Saba alitazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umetulia sakafuni kama wa mtu yeyote. Akausukuma kidogo kwa kijiti kuona kama uko hai.

"Shemeji," akasema taratibu, "ulijuaje?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba ni kwenye saba. Kwamba ni sauti ya mtu. Yule mwimbaji alipotoka kununua maji alikuwa amebakiza neno, sisi tukasahau!"

"Mimi namwitikia muuguzi," mke akasema. "Baba, simama."

Kipande alifungua macho. Akaliondoa gitaa begani, akampa Kanisa. Akautazama mkono wake, akautazama mlango wa ng'ambo, akasimama kama alivyoahidi. "Haya," akasema. "Kipande kimekwisha." Akavuka korido mwenyewe, ingawa mke alikuwa nyuma yake amemshika ukosi wa shati.

Muuguzi alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Alimtazama Kipande, kisha macho yakaruka yakatua kwa yule mteja aliyekuwa amefuata kuangalia. "Na wewe? Nani amekunyoa? Upasuaji wa vichwa si leo!"

"Mimi si mgonjwa, dada, mimi nina wakwe..."

"Wote mnasema hivyo. Kaa kwenye benchi."

Mlango ukafungwa. Hapo ndipo Bubu akafungua mdomo wake. Alisema kwamba ameshindwa kusema tangu siku ile kwa sababu alikuwa anahesabu, na ukiwa unahesabu ukasema neno moja tu unapotea, na kwamba Saba alikuwa anakimbiza pale katikati, na Kanisa alibonyeza ufunguo mmoja usio wake, na bei za wembe zimepanda, na mama yake mdogo aliolewa tena, na nani alishinda ule uchaguzi wa wakati ule? Mteja alitulizwa kwenye benchi, mashine ya kunyolea ikachomekwa, upande wa kushoto ukaanza kushuka, na maneno hayakukatika. "Kinyozi," mteja akasema baada ya muda, kwa unyonge, "si uliitwa Bubu?"

Simu ya mke wa Kipande ikalia. Alikuwa binti yake. "Mama, ameingia?"

"Ameingia."

"Kweli? Au yuko getini anatafuta miwani?"

"Nimemwona kwa macho yangu, mwanangu. Mlango umefungwa."

"Mbona nasikia watu?"

"Ni kinyozi," mama akasema, na hakuwa na nguvu ya kueleza zaidi.

Bendi na yule mteja walipoondoka, yeye alikunja mashuka akingoja. Akakunja yaliyokuwa yake, akakunja na ya mwenzake. Wakati Kipande anatolewa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alikuwa na bandeji mpaka kwenye kifundo, na mwishoni mwa bandeji vilitokeza vidole vyote, vimenyooka vyote, kama mkono wa mtu anayesema simameni. Muuguzi alisema imekwenda vizuri na kwamba asibebe ndoo.

Mke alichuchumaa mbele yake. Jambo alilokuwa akiliogopa kuliko kisu lilikuwa hili. "Unaukumbuka?"

"Nini?"

"Wimbo."

Kipande akafikiri. Akakitazama kidole kilichonyooka, akakichezesha kidogo, akakunja uso kwa maumivu. "Wimbo upi?" akasema. "Kuna chai imebaki kwenye hiyo chupa?"

Mke alimtazama machoni kuona kama anatania, asione kitu. Akammiminia chai. Akampa kikombe upande wa kulia, akamfunga kifungo cha juu cha shati alilokuja nalo kumbadilishia, akakaa kwenye benchi karibu naye kungoja dawa za maumivu.

Baada ya muda alisikia kitu kinagongagonga sakafuni. Alidhani ni yule mzee wa magongo. Alidhani ni Saba amerudi. Akageuka huku na huku kwa wasiwasi wake wa siku zote, kisha akatazama chini, akauona mguu wake mwenyewe wa kulia. Tano, sita, saba, moja.

Akatazama kama kuna aliyeona. Mume alikuwa anakunywa chai. Akauwekea kikapu juu.